Saumu ya Sokoni

Mwanamize binti Mgeni aliuza nazi katika soko la Kwa Mpemba kwa miaka kumi na nane, na katika muda huo wote hakuna mtu aliyemwona akinywa maji.

Soko lenyewe halikuwa kubwa. Lilikuwa kiwanja cha mchanga upande ule wa Kariakoo unaoteremkia Jangwani, kimezungushiwa uzio wa mabati, upande mmoja vibanda vya makuti vya wanaume, upande wa pili majamvi ya wanawake. Wanaume walikuwa na choo chao nyuma ya banda la wauza kuku. Wanawake hawakuwa na kitu. Aliyelipanga soko lile labda hakuwafikiria, au aliwafikiria akaona kwamba watauza mapema warudi majumbani kwao. Wao walifika jua halijachomoza na kuondoka baada ya alasiri. Nyumba ya Mwanamize ilikuwa mwisho wa Ilala, mwendo wa nusu saa kwa miguu, na mtu akiondoka katikati ya mchana akirudi hakuti nazi wala jamvi.

Basi alijizoeza. Alfajiri nusu kikombe cha chai ya rangi, na baada ya hapo hanywi kitu mpaka arudi. Wateja walimfahamu kwa jinsi alivyoitikisa nazi karibu na sikio, amefumba macho, akisikiliza maji yaliyomo, halafu anasema, "Hii ina tui," au anaiweka kando bila neno. Akirudi nyumbani alipitiliza uani kwanza. Halafu aliuendea mtungi, akachuchumaa na kunywa kata tatu mfululizo, na mumewe, Hamis, alikuwa bado msikitini.

Hamis alikuwa mchukuzi wa bandarini mpaka siku kasha lilipomwangukia mguuni. Tangu hapo akawa anashona makubadhi, viatu vya ngozi, barazani kwake. Alikuwa mtu wa maneno machache, ukimsalimu anakuitikia kwa moyo wote kisha ananyamaza. Binti yao wa pekee, Sitara, alikuwa ameolewa Bagamoyo, na nyumba ilibaki na watu wawili waliopendana bila kusemeshana sana.

Mwaka 1934 akaja sokoni mwanamke kijana aliyeitwa Candida, Mluguru wa Matombo, mumewe akifanya kazi reli. Alitandika mchicha na bamia zake pembeni mwa Mwanamize. Siku ya kwanza ile, saa nne, Candida aliinua chupa yake ya maji, na Mwanamize akamshika mkono taratibu.

"Hapa hatunywi maji, mwanangu," alimwambia. "Utakwenda wapi baadaye?"

Candida alitazama huku na huku, akaelewa, akaifunga chupa. Akawa hodari wa jambo lile kuliko hata wakongwe. Alipopata mimba hakuacha kuja, wala hakuacha desturi.

Ilikuwa mwezi wa nane, mimba ikiwa ya miezi sita, jua la saa saba limesimama juu ya mchanga, Mwanamize alipoona mafungu ya mchicha yamelaliwa. Candida alikuwa ameanguka juu yake kimya kimya. Wanawake walimzunguka na kumfanyia kivuli kwa kanga zao. Mwanamize alimwagia usoni maji ya kunyunyizia mchicha, akampakata kichwa, na alipofumbua macho akamsogezea kata mdomoni. Candida alikaza midomo.

"Kunywa."

"Nikinywa nitakwenda wapi, mama?"

Alisema kwa adabu, kama mtoto anayetaka asifiwe kwa kukumbuka alichofundishwa. Maneno yale yalikuwa ya Mwanamize mwenyewe. Yeye ndiye aliyempa.

"Kunywa," alisema tena. "Tutakwenda wote."

Siku ile alimpeleka Candida mpaka kwake, akaziacha nazi zake bila mtu, na aliporudi alikuta zimebaki sita. Alizifunga katika jamvi, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Jumbe Sadalla, mzee aliyesimamia mitaa ya upande ule, toka sokoni mpaka Ilala.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba, Mwanamize. Karibu."

"Nasikia kuna baraza Jumamosi."

"Lipo. Bwana Shauri anataka kila mtaa useme shida zake, kabla ofisi ya mji haijaandika makisio ya fedha za mwakani. Sisi tutaomba taa, na ule mtaro wa Jangwani."

"Tuombee na sisi wa sokoni. Hatuna choo."

Jumbe alivua kofia, akaiangalia ndani, akaivaa tena. Alikuwa mtu mwema na mwenye haya nyingi.

"Hilo zito," alisema. "Nisimame mbele ya watu wazima nianze kutaja haja za wanawake?"

"Usizitaje haja. Taja choo."

"Nitaona namna ya kuliweka."

Mwanamize hakumwambia mumewe. Hakujua aanzie wapi. Jambo alilolificha miaka kumi na nane halikuwa na mlango wa kuingilia.

Baraza lilifanyika katika banda la shule. Bwana Shauri, mkuu wa serikali mjini, Mwingereza mwembamba aliyeungua na jua shingoni, alikaa mezani na daftari lake. Kando yake alisimama karani wa ofisi ya mji, Anselmi, mtu wa makamo aliyesoma misheni, ndiye mkalimani. Wanaume walijaa kwenye madawati. Mwanamize na wenzake wanne walisimama nyuma, wamejitanda mabuibui, na Candida katikati yao na kanga yake. Hamis alikuwa kwenye dawati la tatu. Alikuwa amekuja kwa ajili ya taa, na hakujua kama mkewe yumo.

Yakasemwa ya taa, yakachukua muda mrefu. Yakasemwa ya mtaro, na ya mbu, na ya shimo la takataka lililojaa mpaka mbwa wanatembea juu yake. Bwana Shauri aliandika. Mwisho Jumbe Sadalla akasimama tena.

"Na akina mama wa soko la Kwa Mpemba wana shida yao ndogo."

Anselmi alitafsiri, akasikiliza, akageuka. "Bwana anauliza shida gani."

Jumbe alikohoa. "Ni mambo ya usafi."

"Bwana anasema soko linafagiliwa kila siku."

"Basi ndiyo hivyo," alisema Jumbe, akakaa.

Mwanamize alisikia ukurasa ukifunuliwa. Alimtazama Candida, aliyeegemea ukuta na kuweka mkono juu ya tumbo lake. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe, si kubwa, lakini banda lilikuwa limenyamaza.

"Bwana karani, Jumbe hajamaliza."

Vichwa viligeuka. Aliona kichwa cha mumewe nacho kikigeuka, na kwa hiyo akayapeleka macho yake mezani, kwenye daftari.

"Mwambie Bwana kwamba mimi nauza nazi. Natoka kwangu alfajiri narudi alasiri, na katikati hapo sinywi maji. Si mimi peke yangu, sote hatunywi. Wanaume wana choo sokoni, sisi hatuna, na kwetu ni mbali. Nimefunga hivyo miaka kumi na nane. Ramadhani nafunga kwa kuwa nimeamrishwa, nami najua nani ataniandikia thawabu yangu. Hii saumu ya sokoni hakuna aliyeniamrisha, na thawabu yake sijui ataiandika nani. Huyu hapa ana mimba. Juzi ameanguka kwa kiu, na aliyemfundisha asinywe ni mimi. Hilo ndilo lililonileta, Bwana. Mimi nimekwisha zoea."

Mtu mmoja upande wa dirishani alicheka kidogo. Jumbe Sadalla hakugeuza kichwa.

"Mama yako aliuza mihogo wapi?" aliuliza. Kicheko kikakatika.

Anselmi alitafsiri polepole. Mara moja alisita, akatafuta neno, akaendelea. Bwana Shauri aliuliza wanawake ni wangapi.

"Wenye majamvi ni arobaini na mmoja," Mwanamize alijibu. "Wanaokuja kununua sijawahesabu, nao ni watu."

Akaandika. Mwanamize alipoinua macho kulitazama dawati la tatu, aliuona mgongo wa Hamis ukitoka mlangoni, unachechemea.

Njia nzima kurudi Ilala alijitayarisha. Alijua wanaume watayasema yale kwenye kahawa, na atakayeyasikia ni mumewe. Alimkuta barazani ameshika kubadhi na sindano, hashoni.

"Mama Sitara," alisema Hamis bila kumtazama. "Ni kweli miaka kumi na nane?"

"Kweli."

"Nami nalala kitanda kimoja nawe."

Mwanamize aliketi kando yake. Alikuwa na maneno ya kuomba radhi, lakini yalikuwa ya kusema mbele ya watu, si ya kumficha.

"Nimejua leo," Hamis aliendelea, "pamoja na wauza kuku. Wamejua nami nimejua, saa ile ile."

"Ungefanya nini, Baba Sitara? Ungenijengea choo?"

Hamis alichoma sindano katika ngozi, akaiacha hapo.

"Sijui," alisema. "Lakini ningejua."

Asubuhi ya pili yake, saa nne, wauza kuku walimwona Hamis akiingia lango la soko na birika mkononi. Alipita katikati ya majamvi ya wanawake, mahali ambapo mwanamume hupita akinunua tu, akasimama mbele ya nazi.

"Kunywa," alimwambia mkewe.

"Mbele ya watu?"

"Kunywa, kisha nenda nyumbani upumzike kidogo. Mimi nitakaa na nazi."

Mwanamize alikunywa. Alikunywa akiwa ameligeuzia soko mgongo, kwa haraka hata maji yakamwingia kifuani. Kisha akaondoka, na alikwenda akigeuka nyuma kila hatua chache, kumtazama mtu mzima yule ameketi kwenye jamvi kama aliyewekwa rehani.

Hamis hakuwa na kipaji cha nazi. Hakusikia chochote ndani yake. Aliuza koroma, zile ambazo hazijakomaa, kwa watu waliotaka kupika wali wa harusi, na kesho yake walikuja kulalamika kwamba wamekamua tui wamepata maji. Lakini kila siku saa nne alikuwapo. Baada ya mwezi alikuwa anaangalia na mchicha wa Candida, kisha na ndimu za aliyefuata, mpaka safu nzima ikawa inakwenda na kurudi kwa zamu yeye amekaa. Waliocheka kwenye kahawa walicheka wiki mbili, wakachoka. Mmoja wao alianza kumpelekea mkewe maji.

Makisio yalipotoka, Anselmi alikuja sokoni mwenyewe. Aliinama mbele ya jamvi kama anayechagua nazi.

"Choo kiliandikwa, mama," alisema. "Nilikiona kwa macho yangu, ukurasa wa mwisho. Kimefutwa. Wanasema mwaka huu fedha zimepungua."

"Na taa?"

"Taa mbili zimepita. Mtaro umepita nusu."

Mwanamize alitikisa kichwa pole pole. Hakushangaa, ila aliona uchovu ambao hakuwa nao asubuhi.

"Mwakani wataanza kuandika mwezi wa nane," Anselmi alisema. "Njoo ofisini mwezi wa saba, tuandike barua mapema. Kilichoko ukurasa wa kwanza hakifutwi upesi." Aliipima nazi moja mkononi. "Na kuna jambo linanisumbua. Lile ulilosema la thawabu sikulitafsiri. Nililitafuta kwa Kiingereza nikalikosa. Nilimwambia tu kwamba mnafunga na hamjaamrishwa."

"Umesema vizuri, baba," alisema Mwanamize. "Hata mimi nisingepata."

Alimchagulia nazi mbili zenye tui, na hakukubali azirudishe.

Mwezi wa saba alikwenda. Barua ilisomwa kwa sauti kwa wanawake wote arobaini na mmoja, na kila mmoja akatia alama ya kidole gumba, hata Jumbe Sadalla akaomba atie yake pembeni. Bwana Shauri yule alikuwa amehamishwa, na aliyekuja badala yake hakuwa amesikia habari za nazi wala za saumu. Alisoma barua. Akaja sokoni na kofia yake ya jua, akazunguka, akauliza choo cha wanawake kiko wapi, akaonyeshwa mchanga mtupu kando ya uzio. Mwaka ule kilipita.

Kilijengwa baada ya masika: vyumba viwili vya mawe, mabati juu, ukuta mbele wa kusitiri, na bomba la maji pembeni. Hakukuwa na sherehe. Msimamizi wa soko alimletea Mwanamize ufunguo, akamwambia aanze yeye. Mwanamize alimpa Candida, ambaye mtoto wake, Sophia, alikuwa tayari anakimbia juu ya majamvi akivuruga bamia. Candida alikwenda, wote wakasubiri, na aliporudi waliuliza vipi.

"Kunanuka chokaa," alisema.

Wakacheka mpaka wengine wakaketi chini. Mwanamize alicheka nao, kisha akajifunika uso kwa upande wa buibui, akakaa hivyo kidogo.

Kesho yake Hamis hakuwa na sababu ya kuja. Saa nne Mwanamize alijikuta anatazama langoni. Alimhudumia mteja akatazama tena, akajiambia kwamba mtu yule ana kazi yake, na mguu haumpi raha, apumzike. Saa tano ikapita.

Karibu na adhuhuri alimwona. Hakushika birika. Alikuwa na mfuko wa ngozi, sindano, na kigoda kidogo amekitia kwapani.

"Nyumbani kumenyamaza mno," alisema, kana kwamba amenyimwa kitu alichokuwa na haki nacho.

Mwanamize alisogeza nazi upande mmoja. Hamis akatandika ngozi zake, na mteja wake wa kwanza alikuwa msimamizi wa soko, aliyefika anaburuta mguu kwa kuwa gidamu ya kiatu chake, ule ukanda wa kushikia vidole, ilikuwa imekatika.