Alifiwa na mke mwenzake, hakuna aliyempa pole

Saa tatu asubuhi, katika chumba kidogo cha ushauri nasaha kwenye kituo kimoja cha afya Temeke, Rukaiya Sadallah anafunga mlango na kukaa kwenye kiti ambacho kwa kawaida hukaliwa na wateja wake. Anaweka simu mezani, anaibonyeza, na sauti ya mwanamke inaanza kusikika. Mwanamke huyo anaongea kidogo, kisha analia.

Sauti hiyo ni yake mwenyewe.

"Hapo anapoanza kulia huwa natamani kuzima," anasema, kana kwamba anamzungumzia mtu mwingine. "Lakini nikizima, utafiti wangu utakuwa wa uongo."

Rukaiya, 43, ni mnasihi. Kwa miaka mingi amewasikiliza watu wa Temeke: waliopata majibu mabaya ya vipimo, walioachwa, waliozika watoto. Sasa anasomea shahada ya uzamili jioni, na utafiti wake umemrudisha kwenye msiba ambao hakuwahi kuruhusiwa kuuita wake. Anachunguza huzuni ya mwanamke aliyefiwa na mke mwenzake.

Aliolewa mke wa pili na Abdulrahman, mfanyakazi wa bandarini. Mke wa kwanza, Tabu, alikuwa akiuza vitambaa Buguruni. Miaka ya mwanzo wanawake hao hawakusalimiana. Kisha Rukaiya akajifungua, na kwa kuwa mama yake mzazi alishafariki, hakuwa na mtu wa kumkanda. Asubuhi moja Tabu akabisha hodi, mkononi ana ndoo ya maji ya moto.

"Hakusema samahani wala nini. Aliniambia tu, 'Legeza hiyo kanga, maji yatapoa.' Akaja kila siku mpaka arobaini ikatimia."

Tangu hapo wakawa wanapigiana simu kumsengenya mume wao na kucheka. "Nilikuwa na mtu mmoja tu duniani anayejua Abdulrahman anavyokoroma," anasema, na kwa mara ya kwanza anatabasamu.

Tabu alipougua saratani, Rukaiya alimhamishia kwake pamoja na bintiye, Najma. Alimlisha, akamwogesha, akamgeuza kitandani. Tabu alifariki mwaka 2021, siku chache kabla ya Ramadhani.

Ulipofika wakati wa kuosha maiti, shangazi wa marehemu alisimama mlangoni.

"Akaniambia, 'Wewe subiri nje. Wenyewe tupo.' Nikarudi nyuma. Maji yale nilikuwa nimeyachemsha mie."

Watu walimpa pole mume, wakampa mama wa marehemu, wakampa Najma. Rukaiya alikaa barazani na wageni wengine. Jirani mmoja akamwinamia sikioni: "Haya, mume sasa wako peke yako."

"Nadhani alidhani ananifariji," anasema.

Kazini hakuomba ruhusa. Angesema amefiwa na nani?

Alivumilia hivyo hadi miaka miwili baadaye, alipoingia mteja mmoja, mama wa makamo, akilalamika kwamba hapati usingizi. Mke mwenzake alikuwa amefariki. Rukaiya alimwambia kwamba chumbani humo anaruhusiwa kulia.

"Akaniangalia, akauliza, 'Nitalia kama nani?' Nilimwomba anisubiri kidogo, nikaenda kujifungia chooni."

Mwalimu anayemsimamia chuoni, Dk. Anselmo, ndiye aliyemwambia kwamba swali lile linaweza kuwa utafiti.

"Zipo tafiti ambazo mtafiti hasimami pembeni," anaeleza mwalimu huyo. "Anaanza na kidonda chake, anakaa nacho, halafu ndiyo anawaendea wenzake wenye kidonda kama hicho. Nilimwonya kwamba hatatoka kama alivyoingia."

Onyo lile halikuwa la bure. Rukaiya alijirekodi kwa miezi, akakonda, akawa mkali kwa watoto. Akafika mahali akaacha kabisa, akarudia kazi na jiko lake. Siku moja, akiwa kwenye duka la kanga Buguruni, alijikuta amemwambia muuzaji amfungie doti mbili za aina moja. Ndivyo alivyokuwa akinunua zamani: moja yake, moja ya Tabu.

"Muuzaji akaniuliza, 'Hii nyingine ya nani, dada?' Nikasimama pale kama nimepigwa. Ndiyo nikaelewa. Vitabu vinanifundisha nimuulize mtu anajisikiaje. Sie kwetu mtu hasemi hivyo. Huzuni inakuja pale mkono umeshazoea kumfanyia mtu jambo, na mtu mwenyewe hayupo."

Alipowaendea wanawake wengine waliofiwa na wake wenza, aliwauliza tu walikuwa wakifanyiana nini. Wakazungumza. Mmoja alieleza namna alivyokuwa akimsuka mwenzake kila Alhamisi, akalia mpaka adhuhuri.

Sehemu ngumu zaidi ilikuwa kumwomba ruhusa mama wa Tabu, Bi Najat, ambaye hawakuwa wameonana naye tangu mazishi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kutaka nini?"

"Nataka kumwandika Tabu. Siwezi bila ridhaa yako."

Bi Najat akauliza: "Ulipokuwa ukimwogesha, alikuwa anaona aibu?"

"Mwanzoni, mama. Baadaye akawa ananigombeza, nimsugue mgongo kwa nguvu."

Bikizee alifunika uso kwa ushungi. Alipoufunua alisema, "Mwandike. Lakini hapa usirudi tena. Si kwamba nakuchukia. Nikikuona wewe, naona kwamba yeye hayupo."

Rukaiya aliporudi nyumbani alimpa mumewe simu asikilize. Abdulrahman alisikiliza mpaka mwisho.

"Miaka yote hii nilidhani mfiwa ni mie," alimwambia. "Pole, mke wangu."

"Ndiyo pole ya kwanza niliyopata," anasema Rukaiya. "Nililia hadi nikaumwa kichwa. Lakini haikuondoa kitu, tusidanganyane."

Akishamaliza kuandika, anataka kuanzisha kikao cha wanawake kama yeye hapo kituoni, watandike mkeka na wakae chini badala ya viti. Hajui kama watakuja. Wengi wanaogopa kuonekana wanafiki.

Kabla ya hapo ipo harusi ya Najma, baada ya Idi. Binti huyo anamwita mama, na amemtaka akae naye mbele siku hiyo. Rukaiya amekataa. Akikaa mbele, Bi Najat hatakuja, naye hataki Najma aolewe bila bibi yake.

"Nimemwambia mie nitakuwa nyuma, nasimamia chakula. Bibi yake akae pale mbele, mahali pa Tabu," anasema Rukaiya, akiinuka kumfungulia mlango mteja wa kwanza. "Nitampakulia sahani yake mie mwenyewe, nimpe mtu ampelekee. Asijue imetoka kwa nani. Ale tu."