Kitumbua cha Kwanza

Mwandiko wangu ulikuwa mbaya, na ubaya huo ndio ulioniokoa, Mungu anisamehe. Shoga yangu ndiye aliyejaaliwa mkono. Kwa hiyo tulipoanza kuandika hadithi yetu, tukiwa kidato cha pili hapo Temeke, tuligawana kazi: mimi natunga kwa mdomo, yeye ananakili kwenye daftari kubwa la jalada gumu. Tulikaa uani kwao, juu ya mkeka, mimi nikitembeza mikono hewani na yeye akisema, "Taratibu basi, shoga, wino haukimbii."

Hadithi yenyewe ilihusu wanafunzi wanne wenye nguvu za ajabu. Nilikuwa nimechoshwa na ngano za wana wa sultani. Kwani miujiza lazima izaliwe ikulu? Wa kwetu walikuwa watoto wa kawaida kabisa, kandambili zao zimefungwa waya, wanatumwa maji bombani na wakichelewa wanachapwa. Mmoja alisikia mawazo ya mbwa. Mwingine aliweza kupita ukutani, ila kwa kuwa ukuta wa kwao ulikuwa wa mabati, kila akitokea upande wa pili sare ilijaa kutu na mama yake akamgombeza. Watu walicheka sana pale. Daftari likatoka darasani, likaenda kwa dada za wenzetu, likafika kwa wapangaji na mafundi cherehani. Tukipita mtaani tunaulizwa, "Enhe, yule wa mbwa imekuwaje?" Kichwa kilinivimba. Sisemi uongo, nilijiona mtu.

Tatizo la hadithi inayopendwa ni kwamba inataka kulishwa kila wiki. Ikafika mahali nimeishiwa. Nilihitaji adui, tena adui wa kutisha, na mtaani kwetu kitu cha kutisha kinajulikana: jini.

Sasa nieleze habari za mama yake shoga yangu. Alikuwa akipika vitumbua barazani kwao, na vitumbua vile havikuwa na mpinzani. Mchele aliuloweka mwenyewe, nazi akaikuna mwenyewe, iliki haibanii. Kabla ya saa moja foleni ilikuwa imeshakunja kona. Ilikuwa miaka ile ambayo biashara imeruhusiwa na kila baraza imegeuka duka. Huyu anatundika mitumba kwenye ua, yule anauza mafuta ya taa, na wote wanachunguliana. Fulani anauza, mimi siuzi, kwa nini? Swali hilo lilikuwa limezagaa mtaa mzima likitafuta jibu.

Mama yule alikuwa na desturi yake. Kitumbua cha kwanza kutoka jikoni hakukiuza. Alikiweka kwenye kisahani cha maua nyuma ya mlango, akasoma Fatiha kimyakimya, kisha mtoto wa kwanza aliyepita kwenda chuoni kusoma Kurani alikabidhiwa. Mimi nilikuwa nikilala kwao mara kwa mara, nikakiona, nikauliza. Shoga yangu akaniambia. Yeye alizaliwa na pacha wa kiume, aliyefariki wakiwa na miaka minne, na huyo pacha alikuwa akipenda kitumbua cha kwanza, kile kinachoungua kidogo pembeni. Ilikuwa sadaka yake.

Nilijua, basi. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Sikuandika kwa kutojua.

Katika hadithi nikaweka mama mpika vitumbua mwenye jini nyuma ya mlango. Jini anavuta wateja, naye kila alfajiri analipwa kitumbua cha kwanza. Mtoto anayepewa akila, anaanza kukonda. Shoga yangu alisimamisha kalamu.

"Hiki kisahani ni cha kwetu," akasema.

"Hadithi tu hiyo."

"Lakini watu wanakijua. Wanakionaga kila siku."

"Ndiyo itanoga! Andika bwana, usiniharibie. Mwishoni nitamfanya mwema."

Aliandika. Alikuwa akiniamini, na alipenda nilivyofurahi. Huo mwisho wenye mama mwema sikuwahi kuutunga.

Haikuchukua hata wiki mbili. Mtoto wa jirani akashikwa na homa, homa ya malaria kama tulivyougua sote kila msimu wa mvua, lakini safari hii mama yake alikumbuka kwamba kijana alipewa kitumbua. Kesho yake watoto wa chuoni walizunguka nyuma ya nyumba ili wasipite barazani pale. Mama yule alisimama na kisahani mkononi, akiita, "Njoo baba, njoo uchukue," na mtoto akatimua mbio. Foleni ikapungua, ikakatika. Saa nne asubuhi beseni bado limejaa, yeye anapunga nzi kwa kipande cha kanga. Nyumbani kwetu mama yangu akanionya nisile kitu pale. Nikaitikia, "Ndiyo, mama." Nikaacha kula.

Siku daftari lilipomfikia mama yule mwenyewe nilikuwepo. Nilikuwa nimempitia shoga yangu twende shule. Jirani mmoja alilitupa miguuni pake, akasema, "Tusomee na wewe, mama, tusikie kazi ya mwanao," akaenda zake. Mama yule alifuta mikono, akafungua, akasoma palepale amesimama. Alisoma polepole. Kisha akamtazama binti yake.

"Huu mwandiko wa nani?"

"Wangu, mama."

"Na maneno?"

Shoga yangu alinitazama. Hakunitazama kwa kunisuta, alinipa nafasi tu. Nami nikaanza kukaza mkanda wa mkoba wangu ambao haukuwa umelegea. Niliukaza, nikaufungua, nikaukaza tena.

"Yangu," akasema.

Mama yake hakumpiga. Alifunga daftari, akalirudisha mkononi mwa binti yake, akasema, "Nendeni shule, mtachelewa." Nilimwambia "Kwaheri, mama," akaniitikia vizuri tu. Njia nzima nilitembea hatua mbili mbele yake. Nilijua nikifungua mdomo nitalazimika kurudi kule, na kurudi nilikuogopa kuliko jini yeyote.

Mwezi uliofuata walihama, wakaenda Kawe kwa mjomba wake. Mtaa uliona mwandiko tu, ukamsema sana mtoto aliyemwangamiza mama yake kwa kalamu. Mama yangu mwenyewe alisema mezani, "Kikulacho ki nguoni mwako," nami nikanywa chai. Kawe si Ulaya. Ningeweza kwenda na kurudi kabla ya adhuhuri. Nilijiambia nitakwenda likizo, kisha baada ya mtihani, kisha baada ya Idi. Uoga una kalenda yake, haukosi tarehe ya mbele.

Nilikuja kumwona miaka mingi baadaye, sokoni Buguruni, anachagua nazi kwa kuzigongagonga sikioni. Alinijua kabla sijamjua. Tulikumbatiana, tukaulizana watoto, kisha nikamuuliza mama.

"Mama alitangulia. Mwaka wa tatu huu."

Nikalia pale katikati ya nazi. Nikamwambia yote ambayo alikuwa anayajua: kwamba yalikuwa maneno yangu, kwamba nilipaswa kusema siku ile, kwamba nilitaka kuja Kawe nimpigie magoti mama yake.

Alinisikiliza hadi nikamaliza. Akarudisha nazi moja, akachukua nyingine.

"Mama alijua," akasema.

"Ulimwambia?"

"Mie sikumwambia. Alijua palepale, alivyokuwa anasoma. Jioni akaniita, akaniambia, wewe mwandiko ni wako, lakini mwanangu hawezi kumwita pacha wake jini. Haya maneno ni ya yule mwenzio." Akatikisa nazi, akasikiliza maji yake. "Nikataka kwenda kuwaambia watu. Akanikataza. Akasema yule mtoto ana roho, atakuja mwenyewe, akija msimfukuze. Tulipokuwa Kawe alikuwaga anapika vitumbua vya nyumbani tu, siku za Ijumaa. Kile cha kwanza sadaka, kama kawaida. Na kimoja anakifunika."

"Cha nani?"

"Chako. Anasema labda leo atakuja."

Niliuliza alifanya hivyo kwa muda gani. Shoga yangu alilipia nazi zake, akazipanga kikapuni, na ndipo akanijibu.

"Mpaka alipokuwa hawezi tena kusimama jikoni."