Granola ya Watu Kumi na Mmoja

Wifi yake ndiye aliyembandika jina la Kiguu na Njia, na jina likakaa, ingawa kwa haki halikumfaa. Kiguu na njia ni mtu asiyepatikana kwake. Huyu mama safari zake zote zilikuwa kati ya jiko na chumba cha kulala, na kati ya nyumba na chumba cha kufulia cha hospitali, alikopiga pasi mashuka kwa miaka ishirini na mmoja. Ila ndani ya safari hizo fupi hakutulia hata kidogo. Angeketi, angeinuka, angenyoosha kitambaa cha meza kilichokwisha nyooka. Tangu mumewe apigwe kiharusi, miaka mitatu sasa, hakuna aliyemwona akimaliza kikombe cha chai kikiwa bado cha moto.

Siku hiyo angalau alikuwa na sababu ya kuhangaika. Saa tisa alasiri wenzake wa kazini wangempitia kwa gari waende kupiga kambi kilimani, juu ya ziwa, siku tatu nzima, wakilala kwenye mahema, wanawake wazima wenye magoti yanayolia. Kila mmoja alipewa jukumu lake. Yeye alipewa chakula cha asubuhi, na wakaamua iwe granola, yaani nafaka ya oti na karanga zilizookwa kwa asali, maana haiozi wala haimlazimishi mtu kuamka alfajiri kuwasha kuni.

"Na safari hii nisisikie habari za kichwa," wifi alimwambia, akiweka mezani trei mbili za kuokea alizokuja kumwazima. "Mwaka jana kichwa. Mwaka juzi mvua, na mvua yenyewe haikunyesha."

"Ilitaka kunyesha."

"Jioni nitakuwa hapa na mkoba wangu. Kabla hajawa mume wako alikuwa kaka yangu, nami nilimlisha uji."

"Ile dawa ya saa mbili..."

"Wifi, umeibandika ukutani mara nne. Hata mjusi anaijua." Akaondoka kwenda dukani kwake huku akicheka.

Kiguu na Njia akaanza kazi. Alimwaga oti kwenye beseni, akaongeza karanga, korosho alizozipondaponda kwa chupa, ufuta na mbegu za maboga. Akapasha asali pamoja na mafuta na chumvi kidogo, akaimimina juu yake na kuchanganya kwa mikono mpaka kila punje ikang'aa. Alitandaza mchanganyiko ule kwenye trei, akausukuma ndani ya oveni na kutazama saa. Ulipaswa kugeuzwa kila baada ya dakika kumi, na zabibu kavu zingetiwa mwishoni, baada ya kuepua.

Mumewe alikuwa kwenye kiti chake mlangoni pa jiko. Zamani alikuwa fundi wa makochi, mtu wa nyundo na misumari. Sasa mkono wa kulia ulilala mapajani, na maneno aliyatafuta kama mtu atafutaye ufunguo mfukoni. Mkewe alimrekebishia mto mgongoni. Baada ya dakika mbili akaurekebisha tena.

Ukweli usemwe: alitaka kwenda. Alikuwa ameota lile ziwa mara mbili. Lakini kila alipolifikiria, aliona sakafu ya bafu iliyolowa, na mumewe chini, na wifi akiwa ameshikilia simu asijue ampigie nani. Basi roho ilikuwa juu tangu Jumatatu. Alitia nguo kwenye begi akazitoa, akazitia tena.

Sasa pua ya mama huyu ilikuwa na sifa kazini. Ilinusa shuka linaloungua kabla halijabadilika rangi, na wasichana wapya walifundishwa kumtazama yeye, si kipimo cha pasi. Dakika kumi zilipotimia alikuwa ameupa uso ukuta, akiosha kikombe. Harufu tamu ikajaa jikoni. Kisha ikakolea. Kisha ikawa na uchungu kwa mbali, akausikia uchungu huo vizuri kabisa. Alikisuuza kikombe. Akakisuuza tena.

Alipofungua oveni, moshi ulimtangulia. Trei nzima ilikuwa nyeusi.

"Basi tena," alisema, na sauti yake ilikuwa na huzuni iliyopangwa vizuri mno. "Watu kumi na mmoja, nitawaambia nini? Afadhali nibaki. Waende tu."

Njia ya mwongo ni fupi, na yake haikufika hata mlangoni. Kabatini kulikuwa na mfuko wa pili wa oti, kwa sababu mama huyu hununua kila kitu mara mbili. Mumewe aliutazama mfuko, akaitazama trei, kisha akamtazama yeye.

"Hujawahi," alisema. Akatafuta. "Hujawahi kuunguza... hata foronya."

"Nilikuwa nawaza mambo mengine."

"Hapana."

Akaushika mlango, akainuka. Mkewe alikuwa ameshamfikia, mkono mmoja kiunoni, mwingine kwapani.

"Kaa," mumewe alimwambia. Neno hilo halikutafutwa. Lilitoka kama enzi zile za karakana.

Alikaa kwenye kiti cha mumewe, ukingoni. Mzee akaenda kabatini akiishika meza, hatua sita, akaushika mfuko kwa mkono wa kushoto na kuufungua kwa meno. Nusu ya oti ilifika kwenye beseni. Nyingine zilitawanyika mezani, nyingine sakafuni, na karanga zikabingirika hadi chini ya jokofu. Mkewe akainuka.

"Kaa, mama."

"Nikushikie asali tu. Asali peke yake."

"Hapana."

Asali ilichuruzika nje ya kopo, ikashuka hadi kwenye kiwiko. Mama wa watu akaikalia mikono yake mwenyewe. Zabibu kavu zikaingia kwenye beseni kabla ya wakati wake. Alijua zitatoka huko zimekuwa changarawe, na akafunga mdomo. Kwa mtu kama yeye, hiyo ni kazi ya kutwa.

Trei ya pili ilipoingia ndani, mkewe aliuliza swali alilokuwa amelikalia kwa muda mrefu kuliko mikono.

"Umenichoka?"

Mumewe alisimama akiwa ameegemea meza. Alizoa kwanza oti za mezani kwa kiganja, na kuchelewa huko hakukuwa kwa sababu ya ulimi.

"Nimechoka... kuwa kazi yako."

Hasira zikampanda. "Nani alikuosha? Nani alikuinua, miezi minane ya mwanzo, usiku na mchana, mgongo wangu huu?"

"Wewe."

"Basi?"

"Basi asante," alisema. "Nenda. Siku tatu nataka... kuangusha vitu. Na mtu asije mbio."

Alilia, na alilia kwa kukasirika zaidi kuliko kwa huzuni. Mumewe hakumbembeleza. Alitazama saa ukutani, akafungua oveni na kugeuza oti, akimwaga kidogo kila upande. Dakika kumi baadaye aligeuza tena.

Ilitoka ilivyotoka. Sehemu moja ilikuwa imeiva sana, nyingine ilikuwa bado nyeupe, chumvi ilikuwa imezidi na zabibu zilikwaruza meno. Waliionja wote wawili, wakatafuna.

"Watavunjika meno," mkewe alisema.

"Wachache," mumewe akajibu.

Saa tisa honi ilipigwa. Mkewe alikuwa na begi begani na makopo mawili ya granola mikononi. Hakumwonyesha dawa zilipo. Alimbusu kwenye paji la uso, akafika mlangoni, akarudi, akafika tena mlangoni.

"Nenda," mumewe alisema.

Mlango ukafungwa nyuma yake. Kisha akasikia mumewe akilihangaikia komeo kwa ndani kwa mkono wa kushoto. Chuma kilikwaruza, kikakosa tundu, kikakwaruza tena. Honi ikapigwa mara ya pili. Alisimama barazani na makopo yake, asiguse mlango, akihesabu pumzi. Komeo likakosa mara ya tatu, na ya nne. Lilipoingia, akashuka ngazi kuelekea kwenye gari.