Ukuta wa Mlangoni kwa Mama Mkwe

Niliolewa Bagamoyo nikitokea Pangani, miaka michache baada ya uhuru, na kabla hina haijafutika mikononi, ukuta wa ukumbi wa mbele ukaanza kulowa. Mume wangu alikuwa ameupiga lipu mpya kwa ajili ya harusi. Sasa rangi ilibambuka, na kila mgeni aliyeingia aliuona ukuta huo kabla ya kuniona mimi.

Mama mkwe hakunitukana. Aliwaambia tu majirani, nami nikisikia jikoni, kwamba nyumba ilikuwa kavu mpaka alipoingia bibi harusi. Yaani mimi ndiye kisirani! Roho iliniuma. Kuna wanawake walioachwa kwa maneno madogo kuliko hayo.

Lakini mimi si wa kulia chumbani. Nikaanza kuuchunguza ule ukuta. Paa lilikuwa zima, na mvua haikuwa imenyesha. Asubuhi ukuta ulikuwa majimaji. Jua likipanda unakauka na kuacha unga mweupe. Nikakumbuka magunia ya chumvi dukani kwa baba, yalivyokuwa yakilowa asubuhi bila mtu kuyamwagia maji. Nikaulamba ukuta. Chumvi tupu!

Jioni nikamuuliza mume wangu, "Mchanga wa lipu mliutoa wapi?"

"Pwani hapo. Si uko tele?"

"Basi umetupakia bahari ukutani."

Alicheka, kisha akaulamba mwenyewe, akaacha kucheka. Tuliibandua lipu yote mpaka kwenye mawe, tukayasugua, tukayaosha kwa maji ya bomba na kuyaacha yakauke kabisa. Lipu ya pili ilikuwa ya chokaa na mchanga wa mtoni. Niliikoroga mwenyewe, kanga nimeifunga kibwebwe.

Masika ikaja, ikapita, ukuta mkavu. Kila nilipopita pale niliupapasa kwa makusudi, mama mkwe akitazama.

Siku moja jirani akaja kulalamika kwamba ukuta wa mlangoni kwake unalowa tangu mwanawe aoe. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikasimama kusikiliza.

"Mwache mtoto wa watu," mama mkwe akamwambia. "Mimi wangu nilimsema bure, na aibu ninayo mpaka leo. Ngoja nimwite, aje akutazamie huo ukuta."

Nikavaa buibui, nikatoka kwa mlango wa mbele, taratibu, mtaa mzima unione.