Aliyejua Hakugusa Kipanya

Siku yangu ya kwanza kufundisha uhasibu katika chuo kimoja cha mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, Mkuu wa Chuo alinipeleka moja kwa moja kwenye chumba cha kompyuta. "Mwalimu, adui yetu hapa ni vumbi," akasema. Vumbi lilitoka kwenye karakana za jirani, na halikuwa na mchezo.

Kompyuta zilikuwa chache, wanafunzi wawili kwa moja. Programu ya mazoezi ilitoa swali: hili liingie debiti au krediti? Ukipatia, kijani, ukikosea, nyekundu. Kwa nini, haikusema. Ndipo nikaweka sharti langu: anayejua asiguse kipanya cha kompyuta. Yeye aeleze kwa mdomo. Asiyejua ndiye abofye, tena baada ya kuelewa. Kelele zake sasa! Ungedhani nimehamishia Kariakoo darasani. Lakini walielewa, na mitihani walifaulu.

Miaka ikaenda, akaja Mkuu mpya na kompyuta mpya, kila mtu na yake. Chumba kikawa kimya. "Sasa hiki ndicho chuo," akasema.

Wakati huo nilikuwa na mwanafunzi, Rehema, anayerudia mwaka. Mama yake alimsomesha kwa kuuza mitumba Mchikichini. Akifeli tena angedisko, yaani kuondolewa chuoni. Siku moja nikasimama nyuma yake. Alibofya jibu moja, nyekundu, akabofya la pili, kijani, akaendelea.

"Umeelewa lakini?"

"Imekubali, mwalimu."

Nikaenda kumwomba Mkuu nimkalishe na Salim, kijana aliyelimudu somo.

"Mzee wangu, hayo yalikuwa mambo ya shida. Mashine zipo, wabanane kwa nini?"

"Anahitaji mtu wa kumweleza."

"Mazoezi yake yote ni kijani. Unataka nini tena?"

Nikabishana mpaka nikachoka, hakukubali. Nikataka kumweleza Rehema mwenyewe, lakini baada ya vipindi sikumpata, alikuwa akiwahi kumpokea mama yake kwenye meza ya mitumba.

Nimestaafu sasa. Walimu vijana tukikutana Mnazi Mmoja hunipa shikamoo, kisha huniuliza programu ipi ni nzuri. Nawajibu kwamba yoyote, ila wapange kwanza nani atamweleza nani. Wanacheka, wananiona mzee nimechoka. Ni kweli nimechoka.

Mwaka ule matokeo yalipotoka, Rehema alinikuta mlangoni mwa darasa, macho mekundu.

"Mwalimu, mbona kwenye kompyuta ilikuwa inakubali?"

Iliniuma. Nilikuwa na jibu, lakini yeye tayari alishadisko.