Gari Lililofungwa Boneti

Mtaani walimwita Nadhifu, na jina lilimkaa kama shati lililopigwa pasi. Alikuwa dobi. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kilichojaa mvuke, meza ndefu ya kupigia pasi, na waya uliobeba suti za watu waliokuwa na harusi, mazishi au usaili wa kazi. Mtu anayeweza kutoa wino kwenye shati jeupe bila kuacha hata kivuli chake hawezi kuvumilia uchafu nyumbani kwake, naye hakuvumilia. Viatu vilipangwa mlangoni kama askari kwenye gwaride. Sufuria zilijua mahali pake.

"Mume wangu," mkewe alikuwa akimtania, "siku ukifa utaamka kwanza unyooshe shuka."

Mkewe alifundisha watoto wa chekechea, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Alikuwa mwongeaji, mwepesi wa kucheka. Nadhifu yeye maneno aliyatoa kwa kijiko. Hakuwa na kiburi. Aliona tu kwamba mambo mengi hayana haja ya kutangazwa.

Walikuwa na gari dogo jeupe, kuukuu, ambalo alilitunza kama yai. Oili ya injini ilipokuwa nyeusi kama lami hakulipeleka gereji, maana mafundi, alisema, huacha vidole vyao kwenye kila mlango. Alibadilisha mwenyewe uani, asubuhi ya Jumamosi. Aliwasha injini kidogo ili oili ilainike, akalinyanyua gari kwa jeki, akasukumia magogo chini, akatandika maboksi na kuingia mvunguni na spana yake. Na katika kazi ambayo huwatia wanaume masizi mpaka masikioni, yeye alitoka akiwa na doa moja kiganjani.

Jumamosi tunayoizungumzia ilianza hivyohivyo. Aliivua suruali yake ya kila siku, akaitundika chumbani, akavaa kaptula ya kazi. Oili ya zamani ikatiririka kwenye beseni hadi tone la mwisho. Akafunga nati, akaweka chujio jipya, akateremsha gari. Alipochukua galoni ya oili mpya stoo, mkono ukamwambia kabla ya macho: galoni ilikuwa nyepesi. Kilichobaki hakikutosha hata kulowesha injini.

Ikabidi aende duka la spea. Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi, kwa hiyo akafunga boneti. Hakuweza kuondoka na kuacha uchafu, kwa hiyo akaimimina oili chafu kwenye dumu, akaosha beseni, akakunja maboksi, akarudisha ufunguo wa gari kwenye msumari wake. Akapita kando ya dirisha. Mwalimu alikuwa mezani, ameinamia mkasi, anakata herufi za karatasi za wanafunzi wake. Nadhifu akamwangalia, akasema moyoni, narudi sasa hivi. Akaondoka.

Dukani alimkuta muuza spea na kinyozi wa jirani wamekaa kibarazani wanacheza drafti.

"Nadhifu, njoo uniokoe," muuza spea akasema. "Huyu ananitambia tangu asubuhi."

"Nina gari linanisubiri."

"Gari lina miguu? Kaa."

Akakaa, galoni mpya katikati ya miguu. Akamfunga kinyozi mchezo wa kwanza. Kinyozi akadai marudiano, na mtu aliyeshinda hawezi kukataa marudiano.

Nyumbani simu ya Mwalimu ikalia. Alikuwa mdogo wake wa kiume, akipiga kutoka hospitali ya mji wa pili, ambako baba yao alikuwa amelazwa.

"Dada, baba amebadilika. Anakuita wewe. Njoo sasa hivi."

Akampigia mumewe. Simu ikaita chumbani, mfukoni mwa suruali iliyotundikwa. Akatoka uani akaita jina lake, kimya. Akaliona gari limesimama chini, boneti imefungwa, hakuna beseni, hakuna spana, ufunguo uko mahali pake. Nani asingeamini kazi imekwisha? Akapanda. Taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi, lakini gari lile halikuwahi kukosa taa inayowaka, na mumewe mwenyewe ndiye aliyemwambia zamani, "Hiyo isikutishe, ni waya tu." Akaondoka mbio.

Nadhifu aliporudi na kukuta uwanja mtupu, kwanza alidhani ni wezi. Jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Shemeji katoka mbio. Baba yake kazidiwa."

Alisimama na galoni mkononi. Wahenga walisema majuto ni mjukuu; kwake hayakungoja kuzaliwa. Akakimbilia simu.

"Gari lilianza kugonga kama mtu anapiga sufuria," Mwalimu alisema, sauti juu, malori yakinguruma nyuma yake. "Halafu likazima. Lina nini?"

"Halina oili."

"Umesema?"

"Niliimwaga. Nilienda kununua nyingine."

Lori lilipita, kisha jingine.

"Kwa nini hukuniambia?"

Nadhifu akaiweka galoni chini.

Mwishowe dereva wa lori la matofali alimhurumia Mwalimu akampa kiti. Alipofika hospitali, mdogo wake alikuwa ukumbini, na alivyokuwa amesimama tu, ukuta ukiwa umemshikilia, Mwalimu akajua.

Nadhifu alifika msibani jioni, akajitupa katika kazi za msiba. Akapanga viti, akachota maji, akafua vitambaa visivyohitaji kufuliwa. Akiwa amebeba viti ndipo alipomsikia shemeji yake akiwaeleza watu kwamba mzee, kila mlango ulipofunguliwa, aliuliza, "Amefika?" Kisha shemeji akamgeukia Mwalimu.

"Dada, hivi gari lilikuwa na nini?"

Nadhifu alisimama na viti vyake. Mwalimu hakumtazama.

"Liliharibika tu," akasema. "Magari si huharibika?"

Hapo ndipo Nadhifu alipovunjika. Kama Mwalimu angemtaja, ndugu wangemkasirikia, pengine wangemfukuza, naye angekuwa na kitu cha kubeba mbele ya watu. Sasa alilindwa na yuleyule ambaye yeye ndiye alimkosea, na kosa likabaki ndani yake kama mfupa kooni. Usiku na mchana aliirudia asubuhi ile. Angekuwa mchafu kama wanaume wengine, beseni lingebaki chini ya gari na boneti ingekuwa wazi. Angekuwa mwongeaji, angegonga dirisha. "Gari halina oili, mke wangu." Maneno ya kumeza mate mara moja.

Gereji walitia injini nyingine, iliyotumika. Kuanzia hapo oili walibadilisha mafundi, na Nadhifu hakuuliza habari za vidole kwenye milango. Nyumbani akawa anatangaza kila kitu, naenda dukani, nimefunga gesi, nazima taa, mpaka watoto wao wakawa wanachekea mikononi. Mwalimu hakucheka.

Mwaka uliofuata, Jumamosi moja, Mwalimu akamwambia, "Leo badilisha oili mwenyewe." Akatoa kiti cha jikoni, akakiweka uani, akakaa.

Nadhifu akaingia mvunguni. Oili ikaanza kushuka. Aliona miguu ya mkewe tu, na ndala zake.

"Unafikiri baba alitaka kuniambia nini?" Mwalimu akauliza.

"Sijui, mke wangu."

"Mimi naona hakuwa na la kuniambia. Alitaka tu kuniona."

Nadhifu aliifikiria kauli hiyo, akaona ni mbaya kuliko siri yoyote ambayo mzee angeondoka nayo.

"Nisamehe," akasema. Alikuwa ameshasema mara nyingi, lakini hakuwahi kusema akiwa amelala chali.

"Nilishakusamehe zamani. Siku ile ndiyo sijui niifanyeje."

Ndala zikasogea. Alisikia kiti kikibebwa, na mlango wa jikoni. Matone yalikuwa yamekwisha, na nati alikuwa nayo mkononi, lakini aliendelea kulala pale chini, akitazama tumbo la injini ambayo haikuwa ya kwao.