Bunduki Niliyoichagulia Mkono Usio Wangu

Siku moja naikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, nayo ni Jumamosi niliyokwenda dukani kuchagua bunduki, nikakaribia kumkosa mama yenu. Wewe umezoea kuniona nikikata mboga na kuandika kwa mkono wa kushoto bila wasiwasi, ukadhani nilizaliwa na uhuru huo. Sikuzaliwa nao. Keti nikusimulie. Ukitaka kunijibu kwa Kiingereza chenu nijibu, lakini sikiliza kwa Kiswahili.

Mimi ni mashoto tangu tumboni. Kwetu Singida, bibi yangu alinifunga mkono huo kwa kipande cha kanga kila wakati wa chakula ili nijifunze kula na kupokea kwa mkono wa kulia, na shuleni mwalimu akaimalizia kazi hiyo kwa fimbo. Siwalaumu. Walinipenda, na walijua kwamba anayempa mtu kitu kwa kushoto huonekana hakufunzwa kwao. Nilipofika Toronto nikapanga chumba St. James Town, ghorofa ya kumi na tisa, nikapata kazi ya kuchora ramani za majengo katika ofisi moja ya Don Mills. Kule ofisini hakuna aliyeujali mkono wangu. Lakini nikienda kwa Waswahili wenzangu, kanisani au kwenye sherehe, niliurudisha mfukoni.

Katikati ya miaka ya tisini nikampenda Sekela, binti wa Tukuyu aliyekuwa akiishi Mississauga, mji wa jirani, kwa baba yake mkubwa, Mzee Mwasomola. Baba yake mzazi, aliyebaki nyumbani, alikuwa ameandika barua kwamba kauli ya kaka yake ndiyo kauli yake. Kwa hiyo Mzee akisema ndiyo, nimeoa. Akisema hapana, nirudi nikaongee na kuta zangu ghorofa ya kumi na tisa. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, mtu wa maneno machache, na alipenda vitu viwili: ndizi za kupika na kuwinda sungura. Miezi minane nilikula kwake, na jibu hakunipa. Alisema tu kwamba rafiki yake mmoja, Mzungu mwenye shamba la matufaha kaskazini ya jiji, anasumbuliwa na sungura wanaoguguna miche. Nitafute cheti cha kumiliki bunduki, ninunue yangu, twende wote, kwa kuwa mtu humjui mpaka umetembea naye porini.

Cheti nilikipata, baada ya mafunzo, mtihani na kusubiri kwingi. Fomu niliijaza ofisini saa ya chakula na kuitia sahihi kwa kushoto, kama nilivyotia karatasi zangu zote, na sahihi hiyo ndiyo iliyowekwa kwenye cheti. Sikuwaza lolote.

Jumamosi hiyo Mzee alinichukua kwa gari lake mpaka dukani, nje kidogo ya mji. Muuzaji, mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kifuani, alitupangia bunduki tatu juu ya meza, zote za risasi ndogo ya kuwindia sungura. Ya kwanza ilikuwa ya komeo, chuma unachokivuta nyuma na kukisukuma mbele ili kupakia risasi, na kishikio chake kiko upande wa kulia. Ya pili hujipakia yenyewe. Ya tatu ilikuwa ya wenzo: chini, kwenye kifyatulio, kuna kipete cha chuma, unakisukuma chini, ganda linatoka, unakirudisha juu, risasi nyingine imeingia. Ya wenzo ilikuwa ya mti wa kawaida tu. Ya komeo iling'aa kama meza ya bwana harusi.

Mzee alinifundisha taratibu, maana hakuwa mtu wa kuharakishwa. Hakikisha kwanza ni tupu, hata kama aliyekupa amekwisha kuhakikisha. Usimwelekezee mtu. Funga macho, inyanyue begani, kisha fumbua. Kama vilengeo, vile vyuma vya kulengea, haviko mbele ya jicho lako, kitako hicho cha bunduki si chako. Na usifyatue ikiwa tupu, kwa sababu risasi hii hupigwa ukingoni, si katikati, na sindano ya kufyatulia isipoikuta risasi hugonga chuma cha mtutu na kukiharibu. Mimi nilikuwa nimekwisha kufyatua. Yule mama alikunja uso kama mtu aliyekanyagwa kidole.

Nilipoishika ile ya wenzo, mkono wangu wa kushoto uliifurahia papo hapo. Nikamtazama Mzee, nikairudisha mezani haraka. Nikachukua ya komeo, nikaiegemeza kwenye bega la kulia, na jicho langu la kulia, ambalo halikuwahi kulenga hata embe kwa jiwe, likaanza kutoa machozi. Nikasema naitaka hiyo. Mzee akauliza kama sina haraka mno. Nikamjibu kwa ujuaji kwamba mchagua jembe si mkulima.

"Jembe lisilokufaa litakuchubua wewe," alisema. "Bunduki isiyokufaa inaweza kumuumiza mwenzako."

Sikusikia. Mama wa duka akaniletea karatasi. Mzee alikuwa amesimama karibu na bega langu, basi nikashika kalamu kwa mkono wa kulia na kutia sahihi ambayo hata kuku angeionea aibu. Yule mama akavaa miwani. Akatazama karatasi, akatazama cheti, akatazama tena karatasi. Kisha kwa upole kabisa akasema sahihi hizi mbili haoni kama ni za mtu mmoja, na kwamba hataweza kuniuzia. Akauliza kama cheti ni changu kweli.

Mwanangu, ningeweza kuyamaliza yote kwa kuihamisha kalamu tu. Sikuihamisha, kwa sababu aibu ya mkono wangu niliiona kubwa kuliko aibu ya kudhaniwa mwizi. Njia ya mwongo ni fupi. Mzee akaomba radhi kwa niaba yangu, akachukua cheti, tukatoka.

Garini Mzee hakuwasha injini. Alikishika kile cheti juu ya usukani.

"Kijana, hiki ni cha nani?"

"Changu, Mzee."

"Basi nieleze. Nikifika nyumbani Sekela ataniuliza, na mimi simdanganyi mtoto wa ndugu yangu."

Hapo nikaona Sekela ananiponyoka. Nililia, nakuambia bila haya. Nikachukua bahasha kuukuu iliyokuwa kwenye kiti, nikatia sahihi kwa kushoto, nikaiweka kando ya cheti. Nikamweleza habari za bibi, kanga na fimbo, na jinsi nilivyokula mezani kwake kwa mkono wa kulia huku nusu ya wali ikiishia kwenye suruali.

"Miezi minane," alisema, "nikadhani tu hujui kula."

Akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akaacha kucheka, na maneno aliyosema baadaye ninayo mpaka leo.

"Mkono si kosa. Kosa ni kwamba ulikuwa tayari nikuone mwizi kuliko nikuone ulivyo. Leo umeficha mkono. Ukifukuzwa kazi utamficha mwanangu? Ukiugua utamficha? Mficha uchi hazai. Nikimpa Sekela mtu anayejificha, nitakuwa nimempa nani?"

Alifungua mlango na kusema turudi, nikamweleze yule mama kwa kinywa changu mwenyewe. Nikamweleza. Nikatia sahihi kwa kushoto mbele yake mara mbili, akalinganisha, akatabasamu. Mzee akaisukuma kando ile ya komeo, akanipa ile ya wenzo, akasema hiyo wenzo wake uko katikati, haumbagui mtu. Nikafunga macho, nikainyanyua hadi bega la kushoto, nikafumbua. Vilengeo vilikuwa palepale mbele ya jicho. Ndiyo tuliyoondoka nayo.

Tulipofika Mississauga, Mzee aliniambia nimweleze Sekela mwenyewe. Nikamkuta jikoni akimenya ndizi, nikaanza kwa kigugumizi. Hakuniacha nimalize.

"Najua," alisema. "Nilikuona ukiandika siku ya kwanza kabisa. Nilikuwa nangoja uniambie."

Mzee, aliyekuwa mlangoni, akasema barua ya Tukuyu, ya kumwambia ndugu yake kwamba amekubali, ataiandika kesho yake.

Basi mwanangu, ukimpa mkubwa kitu, mpe kwa mkono wa kulia. Hiyo ni adabu, na haikupunguzii kitu. Lakini usiite adabu kile ambacho ni woga. Ukichagua chombo, chagua kinachoufaa mwili wako, usichague cha kuwaridhisha wanaokutazama. Na wale unaotaka kuishi nao, waonyeshe ulivyo mapema. Sekela alikuwa amenipenda pamoja na mkono wangu, nami nikamnyima miezi minane ya kunijua. Miezi hiyo sikuweza kumrudishia, ingawa alinisamehe.

Mungu akupe moyo usioogopa kuonekana, akukutanishe na mtu atakayekungoja kwa upendo, na akuwahishe kumwambia. Amina.